Swali la Jikoni

4 Machi, Jumanne

Mvua imeanza leo alfajiri, na mwanangu amepeleka fomu. Nayaandika mambo haya mawili pamoja kwa sababu ndivyo yalivyonifikia: kwanza maji juu ya bati, halafu yeye mlangoni, koti likimdondoka.

"Baba, ile fomu nimeipeleka."

Sikuuliza fomu gani. Nimefanya kazi miaka thelathini na miwili katika ofisi ya vibali vya silaha, na mtu akisema "ile fomu" kwa sauti ya namna ile, najua. Anataka bastola.

"Wameniambia siku ishirini na nane," akasema. "Alama za vidole, hati ya tabia njema, watu watatu wahojiwe, ndipo waanze kufikiria. Ishirini na nane! Wale walionilaza chini hawakuniambia nisubiri hata dakika."

Ni kweli. Mwanangu ni fundi miwani. Wiki tatu zilizopita, saa sita mchana, watu wawili wenye mapanga waliingia dukani kwake, wakamlaza kifudifudi nyuma ya kaunta juu ya vioo vilivyovunjika, mmoja akamkanyaga shingoni. Walipoondoka alibaki amelala pale mpaka mteja mmoja, ajuza asiyeona vizuri, alipoingia na kumwuliza anatafuta nini huko chini. Tulicheka sana aliposimulia. Yeye hakucheka.

"Mkubwa wa pale sasa si yule karani wako wa zamani? Mpigie, Baba. Simu moja tu."

"Acha nifikirie."

Daktari amesema moyo wangu umechoka na nipange mambo yangu. Nimepanga nguo, nimepanga vyeti. Limebaki jambo moja, na ndilo lililonifanya nitoe daftari hili.

5 Machi

Mvua. Miguu imevimba, viatu vimenikataa.

7 Machi, Ijumaa

Mkono mmoja wa miwani yangu umelegea. Nikiinama inaning'inia sikioni kama hereni. Nilimpa mwanangu asubuhi, akairudisha jioni vilevile ilivyokuwa. "Kesho, Baba." Tangu ajifunze kazi hii hajawahi kuniambia kesho kuhusu miwani. Hata siku ya harusi yake alinikaza skrubu akiwa amevaa suti, wapiga picha wakimngoja.

Ukutani mbele yangu kuna cheti cha kustaafu, kimeandikwa "kwa uadilifu usioyumba". Mkwe wangu, mke wa mwanangu, hukifuta vumbi kila Ijumaa. Ofisini waliniita Bwana Subiri. Walikuwa na utani wao: subira huvuta heri, ila ya huyu huvuta mvi. Alikuja waziri, nikamwambia siku ishirini na nane. Alikuja jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, nikamwambia siku ishirini na nane. Sikuruka siku, sikuruka swali. Watu walidhani nimezaliwa hivyo.

9 Machi, Jumapili

Mdogo wangu wa kike amekuja, kama kila Jumapili. Ana miaka sabini na minne, mimi themanini na mmoja, na bado ananikagua kama mgambo.

"Kaka, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Chakula gani? Sahani hii ina mchuzi pembeni tu, katikati ni safi. Umeipaka ili mkweo adhani umekula. Ulikuwa ukifanya hivi ukiwa na miaka kumi na miwili, Mama akikuchapa."

Yeye ni fundi cherehani. Macho yamepungua lakini mikono bado inajua. Aliketi pembeni yangu akikunja pindo la pazia, nikamweleza habari ya mwanangu na fomu. Sindano ikasimama.

"Wakamwulize mkewe," akasema. "Wakamwulize peke yake. Nyinyi siku hizi mnauliza, sivyo?"

"Tunauliza."

"Nashukuru. Enzi zangu hakuna aliyeuliza." Akaendelea na pindo. "Laiti wangeniuliza, Kaka."

Maneno hayohayo alinena msibani kwa mumewe miaka thelathini na sita iliyopita, na sijui mara ngapi baadaye. Na mimi, kama siku zote, nikasema, "Ndiyo, mdogo wangu," nikatazama dirishani.

10 Machi

Mvua. Miwani bado.

12 Machi, Jumatano

Wakati wa chakula mkwe wangu alisema, "Siku nane zimepita, si haba." Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, amezoea kuwatia moyo watoto wanaohesabu polepole.

Mwanangu akaweka kijiko. "Wezi hawajazi fomu. Hawapeleki alama za vidole. Mtu mwema ndiye anayengojeshwa."

"Una haki," nikamwambia. "Lakini fomu haikuwekwa kwa ajili ya mwizi peke yake."

"Iliwekwa kwa ajili ya nani?"

Nilikuwa na jibu. Nikakohoa mpaka akaondoka mezani. Hakumaliza chakula. Nilitazama sahani yake: mchuzi pembeni, katikati safi.

13 Machi

Ameanza kuamka saa tisa usiku. Namsikia akijaribu kitasa cha mlango wa mbele, cha nyuma, cha mbele tena. Mchana anasinzia akiwa ameketi.

14 Machi, Ijumaa

Leo nimeuliza tena habari ya miwani. Mkwe wangu ndiye aliyejibu, mumewe akiwa dukani.

"Baba, hana bisibisi."

"Zilichukuliwa siku ile?"

"Hapana. Kampa fundi mwenzake wa barabara ya pili. Seti nzima na mfuko wake wa ngozi. Kasema yule kijana ndiyo kwanza anaanza, zitamsaidia." Alitabasamu, kama anayesifu ukarimu wa mumewe.

Seti ile nilimnunulia mimi alipohitimu. Hakuwahi kumwazima mtu, sembuse kumpa. Nilimwambia mkwe wangu nataka kulala. Sikulala. Nimeketi na daftari tangu saa nane, miwani nimeifunga kwa uzi, na nitaandika lile jambo sasa, kabla moyo haujaamua vingine.

Mdogo wangu aliolewa na mpima ardhi. Mtu mrefu, mcheshi, ukimwuliza njia anakwambia na idadi ya hatua. Nilimpenda kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Walikuwa na binti mmoja, akafariki kwa homa akiwa na miaka sita. Shemeji hakulia mazishini. Alipima kaburi kwa macho, akawaambia wachimbaji limepungua upana kidogo, akaenda kusimama kando.

Miezi mitano baadaye alikuja ofisini kwangu, siku ya Alhamisi, amelowa. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepewa ukuu wa ofisi. Rangi ya mlango ilikuwa haijakauka. Akasema anafanya kazi maporini, kuna watu wanamfuata, anataka bastola. Wakati ule siku za kungoja zilikuwa ishirini na moja.

"Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye mwenye mlango. Utanipanga foleni mimi?"

Ningeweza kumwambia ndiyo, nitakupanga. Niseme ukweli: hakunibembeleza sana. Nilifurahi kuombwa. Nilitaka awe mtu wa kwanza kuona kwamba shemeji yake sasa anafungua milango. Nikachukua fomu, penye tarehe ya kupokelewa nikaandika ya wiki tatu nyuma. Nikagonga muhuri.

Kulikuwa na swali ambalo sisi wa ofisi ile tuliliita swali la jikoni. Sheria ilisema anayeishi na mwombaji ahojiwe faragha, na sisi tuligundua kwamba katika nyumba nyingi pahali pa faragha ni jikoni, bomba likiwa limefunguliwa ili sauti isifike sebuleni. Unafungua maji, unamwuliza mke, au mume, au mama: je, una pingamizi? Nimeona wanawake wakisema "sina" kwa sauti kubwa huku wakitikisa kichwa. Tuliwaandikia kile ambacho kichwa kilisema.

Ilipaswa nimtume mtu kwa mdogo wangu. Nyumba yake ilikuwa mwendo wa robo saa. Mvua ilikuwa ikinyesha. Nikaandika kwa mkono wangu: "Mke amehojiwa faragha. Hana pingamizi."

Nilijua Shemeji halali usiku. Mdogo wangu alikuwa amemwambia mke wangu, mke wangu akaniambia mimi. Nilijua, nikajiambia ni hofu ya wale watu wa porini, na dawa ya hofu ni ile aliyoomba.

Alipokuja kuchukua kibali alinipa futi yake ya chuma, ile ndefu inayojikunja ndani ya kasha la ngozi. "Kaa nayo," akasema. "Wewe siku hizi ni mkubwa, utajenga." Nikamshukuru. Nikaipeleka nyumbani, nikawapimia watoto urefu.

Siku ya nne tangu alete fomu, alijiua. Hakukuwa na watu waliomfuata porini.

Ningeishika sheria, siku ile angekuwa bado na siku kumi na saba za kungoja, na mkewe angekuwa amesimama jikoni, maji yakimwagika, akiulizwa.

Uchunguzi ulipokuja waliona fomu iko sawa. Tarehe sawa, mke kahojiwa, muhuri upo. Mdogo wangu hakuonyeshwa karatasi. Nani angemwonyesha, kama si mimi? Ndipo nikawa Bwana Subiri. Nilipigania siku ziongezwe mpaka ishirini na nane, nikaongeza maswali matatu kwenye fomu: analala? anakula? ameanza kugawa vitu vyake? Walinisifu kwa busara. Swali lile la tatu lilitoka kwenye futi ya chuma iliyokuwa kwenye droo yangu. Bado ipo.

Na leo mwanangu amegawa bisibisi zake.

15 Machi

Nimechoka. Mvua.

17 Machi, Jumatatu

Ameomba tena. Amesimama mlangoni, hakuingia.

"Umeshafikiri, Baba?"

"Nimefikiri. Sitapiga simu."

"Simu moja!"

"Hata nusu."

"Mimi si mtu wa mtaani. Mimi mwanao."

"Ndiyo maana."

Akashika mwimo wa mlango. "Walisema kweli waliosema kifuani mwako hamna moyo, mna muhuri." Akaondoka. Alipofika ukumbini alirudi, akanifunga dirisha kwa sababu mvua ilikuwa ikinipiga, akaondoka tena.

18 Machi

Jana nilitaka kumwambia kuhusu shemeji yangu. Miaka yote nimewahubiria wengine faida ya kusubiri, na kumbe mimi subira nimeitumia kama shuka la kujifunika.

19 Machi, Jumatano

Afisa wa vibali amekuja. Binti mdogo, koti la mvua limemzidi, faili ameliweka ndani ya mfuko wa plastiki. Nikamsikia akimwomba mkwe wangu waende jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa, nikasema moyoni, alhamdulillahi, bado wanafanya.

Kisha nikasikia mlango wa mbele. Mwanangu alikuwa amefunga duka mapema. Akaketi sebuleni, akavuta kiti hadi karibu na mlango wa jikoni, akafungua gazeti. Maji yalifungwa punde si punde.

Binti akaja chumbani kwangu. Shikamoo, marahaba. Akatazama cheti ukutani, akanitazama mimi.

"Mzee, wewe ndiye Bwana Subiri? Tulifundishwa habari zako!"

"Mlifundishwa uongo. Funga mlango. Mkwe wangu amekujibuje?"

"Hana pingamizi."

"Kichwa chake kilisemaje?"

Akasita. "Alikuwa akitazama mlango."

"Umeandika hivyo?"

"Fomu haina nafasi ya hilo, Mzee."

"Itengeneze. Kesho mfuate shuleni anakofundisha, saa ya mapumziko, mwulize upya. Sasa niulize mimi. Mimi pia naishi naye."

Aliuliza, nikajibu. Halali. Hali. Amegawa kitu alichokipenda. Nilipofika hapo nilivua miwani, na yule binti akafanya jambo ambalo halimo kwenye mwongozo wowote niliouandika: akaweka kalamu, akanishika mkono, akangoja.

"Na pingamizi, Mzee?"

"Ninalo. Andika: baba mzazi."

20 Machi

Mkwe wangu amerudi shuleni macho mekundu. Ameketi kwenye ukingo wa kitanda changu.

"Baba, nimemwambia yule binti kila kitu. Nimemsaliti mume wangu?"

"Umesema nini?"

"Kwamba Jumapili iliyopita alinionyesha hati za nyumba zilipo, akaniambia nisisahau. Nilidhani ni mambo ya kawaida. Baba, ni mambo ya kawaida?"

Nilimwambia si ya kawaida. Nilimwambia hajasaliti mtu. Alilia kwa kujizuia, jinsi walimu wanavyolia, kana kwamba darasa linamsikia.

22 Machi, Jumamosi

Mkubwa wa ofisi amepiga simu mwenyewe. Alipokuwa karani wangu tulimwita Kifutio, kwa kuwa alifuta zaidi ya alivyoandika. Ombi limesimamishwa kwa siku tisini, na litafikiriwa tena likiletwa na barua ya daktari. "Samahani, Mkuu," akasema. Nikamwambia asante. Akaniuliza kama nimemsikia vizuri, nadhani hakuwahi kusikia mtu akishukuru kunyimwa.

Mwanangu alipata barua mchana. Aliingia chumbani nayo mkononi, mkewe nyuma yake.

"Nani kasema sina akili timamu?"

"Hakuna aliyesema hivyo. Nimesema huli, hulali, na umegawa bisibisi zako."

"Wewe?"

Mkwe wangu akafungua mdomo. Nikamkata: "Mimi. Kama una hasira, ilete huku. Imezoea kuja huku."

"Baba mzazi!" Sasa ndipo alipoyaona maneno hayo kwenye barua, akayacheka. "Watu wana baba wa kuwafungulia milango. Mimi wangu anasimama mlangoni na kufuli."

"Kaa chini nikueleze kwa nini."

"Sitaki hadithi za ofisi."

Akaenda.

23 Machi, Jumapili

Mdogo wangu amekuja, amemaliza pazia, amenigombeza kuhusu sahani. Mwanangu alimsalimia yeye, mimi hakunisalimu. "Nyumba imenuna leo," mdogo wangu akasema. Nilikuwa na maneno mdomoni kama kokwa la tunda. Nimeyameza tena. Themanini na mmoja, na naogopa fundi cherehani.

24 Machi

Mvua. Hasemi nami.

25 Machi

Mvua. Hasemi nami. Lakini chai yangu asubuhi ilikuwa na vijiko viwili vya sukari. Mkwe huniwekea kimoja.

27 Machi, Alhamisi

Mkwe ananiambia kwa kunong'ona: juzi alimshawishi mumewe kwenda kwa daktari. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango, alipokaribia zamu yake akainuka akarudi nyumbani. Leo amekwenda tena, peke yake. Amekaa ndani saa nzima.

Niligeuka upande wa ukuta, nikamshukuru Mungu kimyakimya, kwa woga, asije akadhani nimemaliza kuomba.

30 Machi, Jumapili

Daraja limefunikwa na maji, mdogo wangu hakuweza kuvuka. Pumzi fupi leo. Nimemwambia mkwe ampigie: maji yakishuka aje, siku yoyote ile, asingoje Jumapili.

31 Machi, Jumatatu

Mwanangu ameingia asubuhi bila kubisha hodi. Akanitoa miwani usoni, akakata ule uzi kwa meno, akatoa mfukoni mfuko wa ngozi.

"Umezinunua upya?" nikauliza.

"Nilikwenda kumwomba yule kijana." Alikuwa ameinama juu ya skrubu. "Aibu niliyoipata, Baba. Kutoa kwa mbwembwe, kurudi kuomba. Kumbe alikuwa hajazitumia. Kasema alijua nitarudi."

"Mwerevu."

"Mjinga. Anashika bisibisi kama kijiko."

Akanivika miwani, akarudi nyuma hatua mbili, akanitazama kama ambavyo huwatazama wateja, kichwa upande. Kisha akaketi. "Daktari kaniuliza kama nimewahi kuwaza kutoamka. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo." Akafunga mfuko wa ngozi. "Nikamjibu. Amenipa dawa, na nitakuwa nikienda kila Alhamisi. Bado nina hasira nawe, ujue."

"Ikae tu. Nafasi ipo."

"Ulisema utanieleza kwa nini."

Nikamweleza. Yeye ndiye mtu wa kwanza. Nilipomaliza alikuwa ameshika futi ya chuma, akiuvuta ule utepe na kuuachia, akiuvuta na kuuachia.

"Shangazi anajua?"

"Hajui."

"Baba," akasema, bila ukali, "na hili nalo usisubiri."

1 Aprili, Jumanne

Leo zingetimia siku ishirini na nane za mwanangu. Mvua imepumzika. Daraja limefunguka, na saa nne mdogo wangu akafika, viatu mkononi, tope hadi kwenye pindo.

Nilikuwa nimeweka ile fomu ya Shemeji juu ya shuka. Niliichukua siku niliyostaafu, kutoka kwenye faili. Huo nao ni wizi, lakini kati ya makosa yangu ni mdogo. Nilimpa pamoja na miwani yangu, kwani yake huisahau. Nikamwambia asome sehemu ya tano.

Alisoma polepole, midomo ikitembea. "Mke amehojiwa faragha." Akainua macho. "Mke gani?"

"Wewe."

"Mimi sikuhojiwa."

"Najua. Niliandika mimi."

Alirudi kwenye karatasi. Alisoma tena, nadhani mara tatu. Nikamweleza tarehe, nikamweleza mlango na rangi yake, nikamweleza mvua na ile robo saa ya mwendo. Sikujitetea, nilikuwa nimejiapiza. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Miaka thelathini na sita," mdogo wangu akasema. "Usiku na mchana nimekuwa nikijiuliza, wangeniuliza, ningesema? Au ningemwogopa, nikamtunzia siri? Sijui, Kaka. Mpaka leo sijui kama ningekuwa jasiri. Na wewe umekaa hapa kila Jumapili ukinisikia nikijiuliza."

"Ndiyo."

"Hata nafasi ya kukosea hukunipa. Umenijibia."

"Ndiyo, mdogo wangu."

Akatoka. Nilisikia miguu yake ukumbini, nikajua anaondoka, na kwamba ana haki. Kisha nikasikia bomba la jikoni likifunguliwa. Nikadhani ananawa uso. Maji yakaendelea kumwagika.

"Kaka!" akaita. "Njoo huku."

Mwanangu alinibeba zaidi ya kuniegemeza. Jikoni mdogo wangu alikuwa amesimama mbele ya sinki, mgongo umenyooka. Fomu ilikuwa juu ya meza, ameigeuza upande usioandikwa, na kalamu ya mkwe wangu kando yake.

"Mkalishe pale," akamwambia mwanangu. "Haya, wewe nenda sebuleni ufunge mlango. Haya hayaulizwi mbele ya mtu."

Mlango ukafungwa. Maji yalikuwa yakipiga sinki.

"Hapa ndipo mnapoulizia, sivyo? Basi niulize."

"Mdogo wangu…"

"Niulize kama unavyowauliza watu wengine. Mimi si mdogo wako hapa."

Nikachukua kalamu.

"Mwombaji ni nani wako?"

"Mume wangu."

"Analala?"

"Halali. Anaketi chumbani kwa mtoto, taa imezimwa, na akiniona anasema anatafuta kiatu."

"Anakula?"

"Namlisha. Nikigeuka anampa paka. Paka amenenepa mpaka majirani wananitania."

Alicheka kidogo aliposema hivyo, na mimi nikacheka, na sikuweza kuandika kwa muda.

"Ameanza kugawa vitu vyake?"

"Ile redio kampa jirani. Futi yake ya chuma siioni. Nimemwuliza, anasema ameiweka mahali pazuri."

Nikaandika: mahali pazuri.

"Je, una pingamizi mwombaji apewe silaha?"

Alifunga bomba. Nyumba nzima ikanyamaza, na kama mwanangu alikuwa mlangoni alisikia, na sidhani mdogo wangu alijali.

"Ninalo," akasema.

Nikaandika "Analo pingamizi", nikampa karatasi atie sahihi. Hakunishika mkono, hakuniambia amenisamehe, na sikuuliza. Hilo si swali langu kuuliza. Alivaa miwani yangu, akaweka sahihi kwa herufi zake kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani.

Kisha akauliza leo ni tarehe ngapi. Nikamwambia. Akaiandika hiyohiyo.